Kikwembe cha Mlangoni

Mjukuu wangu Daudi alizaliwa na gramu elfu moja mia tatu na hamsini. Nilipotoka hospitali siku ile nilipita dukani, nikaomba wanipimie maharage ya uzito huohuo, nikasimama kando ya barabara nimeyashika kwa mikono miwili. Nilitaka kujua. Pikipiki zilinipigia honi, watu wakanipisha, na mimi nipo hapo na maharage yangu. Mtu kamili, mwenye ini na mapafu na kucha, alikuwa mwepesi kuliko chakula cha jioni cha nyumba yangu. Tuliyapika. Sikuweza kuyala.

Naitwa Berthe. Nafundisha hesabu hapa Butembo, nina diploma ya chuo na miaka ishirini na sita ya chaki. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kuduwaa ovyo. Binti yangu Ornella anaishi Beni, komine ya Beu, na mume wake Issaka, anayeendesha lori la mizigo kutoka Kasindi mpakani. Ornella alikuja Butembo kwa harusi ya binamu yake akiwa na mimba ya miezi saba. Alicheza nyimbo mbili tu, anaapa. Kesho yake mtoto akatoka.

Siku kumi na tisa Daudi alilala kwenye kuveze, lile sanduku la joto la hospitali, na bomba la oksijeni puani. Kisha Ornella akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Alipofikisha kilo mbili wakaturuhusu kutoka, ila si kurudi Beni. Tubaki karibu na hospitali, yaani kwangu.

Muuguzi mkubwa alitupa maagizo matatu: joto, usafi, na macho.

"Oxygène ya siku mingi inaweza kugusa macho ya batoto bale banazaliwa mbele ya wakati," akasema. "Sasa angali mudogo, haina maana. Lakini kisha myezi mbili hivi anapashwa kuanza kufuata kitu. Kama hafuate, mumulete."

"Kufuata nini?" nikauliza.

"Kitu yoyote. Sura ya mama yake. Kidole."

"Na kama haone kabisa?"

Ornella alinikanyaga mguu. Muuguzi akamtazama Daudi, si mimi. "Tutaongea siku ile, Madame."

Basi nikaanza na yale mawili niliyoyaweza.

Nilikuwa na chumba kidogo cha nyuma, nilimokuwa naweka makaratasi ya mitihani. Butembo iko juu milimani, na asubuhi sakafu ya simenti inauma nyayo. Hilo la joto. Kuhusu usafi, sihitaji mwalimu. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa Ebola ilimchukua mdogo wangu Kahindo kwa siku sita. Watu wa riposte, ndivyo tulivyowaita wale waliotumwa kupambana na ugonjwa, walikuja wamevaa meupe kutoka utosini hadi miguuni, wakamzika, kisha wakachoma godoro lake na mito yake na vikwembe vyake vyote uani kwetu. Tangu siku hiyo kitambaa chochote kinachoingia nyumbani kwangu kinapita kwanza kwenye maji ya klorini. Kikipauka, shauri yake.

Kwa hiyo nilipoketi kupanga chumba cha Daudi hesabu ilikuwa fupi. Kisichoweza kuingia klorini hakiingii chumbani. Kinachoingia klorini kikatoka salama ni cheupe. Chumba kitakuwa cheupe. Nikapiga mstari chini ya jibu.

Nilianza na maduka ya mjini. Wanauza seti za kitanda cha mtoto zinazotoka Dubai, zimefungwa kwa plastiki yenye utepe: mto, mfarishi, rido fupi ya dirishani, na mito mirefu ya kuzungushia kitanda. Zinang'aa. Kwa bei yake ningelipa karo ya mtoto mmoja na kubaki na chenji. Nilimwomba muuzaji anifungulie moja, nikalamba kidole, nikagusa kitambaa. Mate yalikaa juu yake kama tone la mvua kwenye bati. Nailoni. Kitambaa kisichokunywa maji kinamwacha mtoto na jasho lake mwenyewe. Na ile mito ya kuzungushia nilikuwa nimekatazwa hospitalini: hakuna kitu laini karibu na pua.

"Mama, banabeba hii bote," muuzaji akanung'unika.

"Babebe," nikasema. Kesho yake nikapanda gari kwenda Beni.

Kule Beni yupo Asma, mama yake Issaka, bibi wa Daudi wa kuumeni. Ni mjane, ana kibanda cha vitambaa sokoni Beu, na mitumba yake inapita Kasindi moja kwa moja, ndiyo maana bei yake ni nusu ya kwetu. Njiani, baada ya Kalunguta, askari wa kizuizi aliinama dirishani kuomba hongo. "Mama, kawa ya bana-ba-etat iko wapi?" Nikamwambia anaonekana ameamka vizuri, kahawa ya nini. Gari zima likacheka, na yeye pia, akatuachia.

Asma alikuwa amekaa juu ya balo la mitumba kama mtu aliyekaa juu ya ng'ombe wake.

"Mama Ornella! Mutoto aliamukaje?"

"Aliamka. Nataka nyeupe."

"Salamu kwanza, madame prof! Salamu!"

Tukasalimiana sawasawa, tukamaliza watu wote wa nyumba zote mbili, ndipo akakata kamba za balo.

Zilikuwa shuka za hoteli za Ulaya. Kwenye pindo la kila moja kulikuwa na jina limetariziwa kwa uzi wa buluu, la mji ambao mimi na Asma tulishindwa kuutamka. Nilizishika nikazipapasa. Najua pamba mpya inavyokwaruza. Hii ilikuwa imefuliwa mara elfu, imelaliwa na watu elfu, mpaka imekuwa kama kope. Nikaisogeza shavuni hapo sokoni mbele ya watu. Wafanyabiashara, maharusi, wagonjwa, wanaume waliokoroma: wote wale walikuwa wameilainisha kwa migongo yao, usiku baada ya usiku, bila kujua kwamba wanamfanyia kazi mtoto wa kilo mbili huko Butembo. Hata sasa nikilifikiria jambo hilo natulia kidogo.

Nilichukua nne. Nikachukua taulo mbili nene za kukata vitambaa vya kuogea, blanketi moja jeupe la manyoya mafupi, neti, na rido za wavu mwembamba zinazopitisha mwanga. Kila kimoja nililamba kidole nikakipima. Asma alikuwa anacheka kuliko kuhesabu bidhaa zake.

"Unatengeneza chambre ya mutoto ao salle ya opération?"

"Yote ni usafi."

"Mais mutoto atapotea mule ndani! Tutamutafuta na mikono."

"Piga bei, mama Issaka."

Akanipunguzia bila kubishana, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Kisha akainama chini ya meza akatoa zawadi yake.

Kilikuwa kikwembe, yaani kitenge, cha yadi tatu, rangi mbili tu: nyeusi kama masizi na nyeupe. Duara kubwa ndani yake duara, na ndani yake tena duara, kila moja pana kama sahani. Ukikikunjua kilikutazama.

"Hii ni ya matanga," nikasema.

"Ilikuwa ya matanga. Famille moja ya Kalunguta iliomba ballot nzima juu ya kilio ya baba yao, kisha babeba nusu. Hakuna mutu anaitaka. Gusa! Coton ya kweli."

Niligusa. Ilikuwa pamba ya kweli. "Kikwembe ya matanga haikae karibu na mutoto muchanga, mama Issaka. Unajua."

"Kwetu pia bakubwa banasema vile. Miye niko nauza hii miaka kumi na moya, nazaa, napata mujukuu, bado sijaona kikwembe inakula mutu." Akakitia kwenye furushi langu na kukisukuma kwa kiganja. "Ni ya mujukuu wangu. Ikae mu chambre yake. Siku nitakuya nitaiangalia."

Sasa hapo ndipo hesabu ilipokuwa ngumu. Zawadi ya bibi wa kuumeni huwezi kuirudisha. Utaisikia mpaka mtoto huyo aoe. Haiwezi kukaa karibu na kitanda, kwa sababu ni ya matanga. Haiwezi kuingia klorini, kwa sababu nyeusi itachuja ichafue kila kitu. Na lazima iwe chumbani. Kutoka Beni mpaka Butembo niligeuzageuza masharti hayo manne, na tulipofika kwenye kilima cha mwisho nilikuwa nimepata jibu. Chini ya mlango wa chumba kile kuna uwazi wa vidole vitatu, na baridi ya korido inaingia hapo kama maji. Nilikata kikwembe, nikashona mfuko mrefu kama mguu wa suruali, nikaujaza vipande vya nguo kutoka sakafuni kwa fundi jirani, nikafunga ncha mbili, nikaulaza chini ya mlango. Kimo chumbani. Kiko mbali na kitanda. Hakifuliwi, maana nani hufua kizuia-baridi? Nilijipongeza.

Yale mengine niliyashona kwa cherehani ya marehemu mama yangu jioni nne. Shuka moja ya mtu mzima ilitoa shuka sita za Daudi. Nilikuwa nakata, napima, nakata tena, na kila kipande kilipotoka kidogo hivyo nilikishikilia hewani nikatazama mwanga ukipita. Nilichemsha vyote, nikavitia klorini, nikavianika. Kuta nilipaka chokaa mwenyewe. Godoro la sifongo nililikata kwa kisu cha mkate, likavishwa nyeupe. Neti ikashuka kutoka darini mpaka sakafuni kuzunguka kitanda chote, na haikufunguliwa ila kwa kunyonyesha na kubadilisha. Siku ya kwanza tulipomlaza Daudi ndani, mimi na Ornella tulisimama tukimtazama kupitia wavu ule. Alikuwa kama punje moja ya maharage ndani ya kikombe cha maziwa.

Niliweka na sheria za watu. Anayeingia ananawa kwa klorini, anavaa aproni nyeupe, kitambaa cheupe cha kichwani mpaka kwenye nyusi, kwa sababu nywele zinabeba vumbi, na barakoa. Nilikuwa bado na katoni nzima ya barakoa na glavu tangu ugonjwa. Mpaka mtoto afikishe kilo nne.

"Mama, hata mimi? Nikiwa namunyonyesha?" Ornella aliuliza.

"Wewe wa kwanza. Wewe njo uko karibu naye sana."

Alivaa. Ornella ana tabia ya kutii huku macho yake yanakuambia jambo lingine.

Daudi aliongezeka. Kilo mbili na nusu, kilo tatu. Mashavu yakaja. Alikuwa na masikio madogo yenye manyoya, na nilijikuta mara kadhaa nimesimama pale na vitambaa vikavu mikononi, nimesahau nilichoingilia, nikiangalia tu jinsi mbavu zake zinavyopanda na kushuka zenyewe bila mtu kuzisukuma. Halafu miezi miwili ikafika, na ikabaki lile agizo la tatu.

Nilifanya kama ninavyofanya kila kitu. Nilichukua daftari nikachora jedwali: tarehe, saa, kitu, jibu. Asubuhi na jioni nilisogeza kitu mbele ya macho yake, kushoto kwenda kulia. Soksi yake. Kijiko cha plastiki kilichochemshwa. Njuga nyeupe. Kidole changu ndani ya glavu. Daudi alikuwa macho, ametulia, ameshiba. Macho yake yalikuwa makubwa na meusi mno, na yalitazama mahali pasipokuwa na kitu. Niliandika sifuri. Kesho yake sifuri. Ukurasa ulijaa sifuri mpaka nikaona haya kuufungua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimulika tochi, akasogeza kidole huku Daudi akilia kwa njaa na foleni ikisukuma mlangoni. Akaandika barua kwa daktari wa macho. Tungoje siku kumi.

Jioni ile Ornella alikuwa amekaa kitandani kwake na barua mapajani.

"Mama. Kama haone, utamupenda vile vile?"

"Ni kiulizo ya bupumbafu. Lala."

Kisha nikaenda kufua vitu ambavyo tayari vilikuwa safi. Siku hizo hakuwa anaimba tena. Alikuwa anamnyonyesha Daudi amegeuzia uso wake ukutani, na mimi sikumwambia kitu, kwa sababu nilijua. Hakutaka kuendelea kutafuta macho ambayo hayamtafuti.

Siku ya sita kati ya zile kumi lori la Issaka lilisimama njiani, na mama yake akashuka kutoka mbele, mzima na mafurushi yake. Issaka alikwenda kushusha mizigo ya watu mjini. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imetoka kukatika. Ornella alikuwa bafuni. Nilimpokea Asma, nikamwonyesha ndoo yenye bomba, nikampa aproni, kitambaa na barakoa.

Akajitazama. "Sasa miye ni mutu ya riposte?"

"Ni sheria ya nyumba."

"Mama Ornella, mutoto atasema alizaliwa mu Ebola."

Lakini alivaa. Nilimfungulia mlango, na alipoinua mguu kuvuka akaona alichokuwa karibu kukikanyaga. Akashusha mguu nje. Akainama taratibu, kwa sababu magoti yake si mazuri, akakishika kwa ncha moja, akanyanyuka nacho. Kilining'inia mkononi mwake kama chatu aliyekufa.

"Hii ni nini?"

"Inazuia baridi."

"Nauliza hii ni nini!"

"Ni kikwembe yako. Ulisema ikae mu chambre. Iko mu chambre."

"Ku mulango? Ku miguu ya batu?" Aliingia nacho ndani, barakoa inapanda na kushuka kwa hasira. "Minatoka Beni na coton ya kweli, juu ya mutoto ya mutoto yangu, na wewe unaitengeneza nyoka ya kuziba tundu! Ungeniambia! Ungesema, mama Issaka, hapana, nakatala! Ningebeba kikwembe yangu nirudi nayo!"

"Punguza sauti. Na toa hiyo kitu karibu na kitanda, imetoka ku sakafu."

"Sitoe!" Akakitikisa. Alikuwa amesimama upande wa kulia wa neti na alikuwa anakipunga hewani kama mtu anayefukuza mbuzi, huku na kule, na zile duara kubwa nyeusi zikapita juu ya kitanda, zikarudi, zikapita. "Sitoe! Mutoto ajue bibi yake alimuletea nini!"

Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kumnyang'anya. Nilikuwa nawaza klorini. Naapa, kitu cha kwanza kilichokuwa kichwani mwangu kilikuwa vumbi linalodondoka kwenye neti. Nikamtazama Daudi kuona kama limemwangukia.

Macho yake yalikuwa kwenye kikwembe.

Asma alipeleka mkono kushoto, macho yakaenda kushoto. Hayakwenda sawasawa. Yalikwenda kwa kurukaruka, yakachelewa, yakakipoteza, yakakitafuta, yakakipata. Alirudisha kulia. Yakarudi.

"Mama Issaka," nikasema. "Rudisha."

"Sirudishe kitu!"

"Mukono. Rudisha mukono kushoto. Pole pole. Na unyamaze."

Sijui sauti yangu ilikuwaje, lakini alinyamaza. Akafuata nilikokuwa natazama. Mkono wake ukabaki hewani.

"Peleka."

Akapeleka. Ule mfuko wa kijinga, uliojaa matambara ya fundi, ulisafiri kimya kutoka upande mmoja wa kitanda hadi mwingine, na nyuma yake, ndani ya wavu, macho mawili yalisafiri nao. Mdomo wa Daudi ulifunguka kidogo. Vidole vyake vilitanuka. Aliacha hata kupiga mateke. Mwili wote wa mtoto yule ulikuwa umesimama ili macho yaweze kufanya kazi.

Nilimfanya arudie mara tatu. Nilibana pumzi yangu ili isiwe sauti inayomwongoza. Mara ya nne nilikiziba kikwembe kwa shuka nyeupe: macho yakapotea, yakatangatanga. Nikaondoa shuka: yakarudi yakatua katikati ya duara. Jibu lilikuwa limeshapatikana muda mrefu, lakini sikuweza kuacha. Kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mtu mle ndani. Alikuwa mle muda wote, amekaa macho katika weupe ule, anangoja mtu amwonyeshe kitu, na mimi bibi yake, mwenye diploma, nilikuwa nimemfunika dunia nzima kwa ukungu, kisha kila asubuhi na jioni nakuja na soksi nyeupe kumwuliza kwa nini haioni.

Asma alikaa sakafuni. Alikuwa bado ameinua kikwembe juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu kutoka darini, ili Daudi asikipoteze.

"Alhamdulillahi," akasema.

Kwa daktari wa macho tulikwenda hata hivyo, tarehe ileile ya barua. Mimi sitoki kwenye mtihani kabla ya kengele. Alimchunguza kila jicho kwa muda mrefu. Akasema mishipa iko salama, kuna watoto wa kabla ya wakati ambao kuona kwao kunachelewa kuamka, na wanaanza na kitu kikubwa chenye rangi zinazogombana. Tumrudishe kila baada ya miezi mitatu. Kisha akauliza nani alimpa wazo la nyeusi na nyeupe. Nikamwambia ni bibi yake, wa Beni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile Ornella alitoka bafuni, akasikia kimya, na kimya katika nyumba yenye mimi na Asma ni jambo la kutisha. Alikuja mbio, akajifunga aproni na kitambaa na barakoa kwa mazoea, akaingia, akamkuta mama mkwe wake sakafuni.

"Alifanya nini? Mutoto alifanya nini?"

"Simama pale," nikamwambia. "Angalia."

Asma akasogeza. Ornella akaona. Hakulia. Alishika chuma cha kitanda, akatazama kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, midomo yake inatembea nyuma ya barakoa kama anahesabu. Kisha akainua neti, akaitupa juu, akamchukua Daudi mikononi, akamweka mbele ya uso wake.

Daudi akageuza shingo. Alikuwa anatafuta kikwembe.

Nilimwona binti yangu akipokea pigo hilo. Alijaribu kucheka. "Anapenda kikwembe kuliko mimi," akasema.

Ndipo nikamtazama Ornella kama Daudi alivyokuwa akimtazama. Kitambaa cheupe mpaka kwenye nyusi. Barakoa mpaka chini ya macho. Aproni. Nyuma yake chokaa. Mtoto wa miezi miwili na zaidi, na tangu aingie nyumbani kwangu hajawahi kuona mdomo wa mama yake.

"Vua," nikasema.

"Nini?"

"Kitambaa. Na barakoa. Vua yote."

"Mama, mais ni wewe ulisema mpaka kilo ine..."

"Najua nilisema nini. Vua, Ornella."

Aliniangalia. Asma, chini pale, akateremsha kikwembe taratibu na kukificha chini ya aproni yake. Ornella akamshika Daudi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akavuta kitambaa nyuma, akatoa barakoa, akavitupa sakafuni. Nywele zake hazikuwa zimesukwa wiki tatu. Zilisimama pande zote, nyeusi tii, juu ya paji la uso.

Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

Macho ya Daudi yalitangatanga ukutani, yakashuka, yakagusa bega la Ornella, yakapita. Yakarudi. Yakafika pale paji linapokutana na nywele, yakasimama. Kisha yakaanza kutembea juu ya mstari huo, polepole mno, kutoka sikio la kushoto, juu, mpaka sikio la kulia, kama mtu anayepita kwenye njia ya nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Yalipofika mwisho yakateremka, yakapata jicho moja la mama yake, yakakaa hapo.

"Ni miye," Ornella akamwambia. "Ni miye, baba."